Cairo, Illinois: mji uliokaa mahali bora kuliko miji yote ya mito Marekani. Nani aliuua?

#1 KipimaMaji
Wakuu, salaam.

Fungua ramani ya Marekani, ufuate mto Ohio mpaka unapomezwa na Mississippi. Utakuta ulimi mwembamba wa ardhi, Kentucky mashariki, Missouri magharibi. Kwenye ncha ya ulimi huo kuna mji unaitwa Cairo, jimbo la Illinois. Karne ya 19 meli ya mvuke itokayo Pittsburgh kwenda New Orleans ilikuwa haina budi kupita hapo, na ya St. Louis vilevile. Reli ya Illinois Central ikakamilika 1856. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, Jenerali Grant akaweka makao hapo Septemba 1861, na ndipo alipoondokea kwenda kuteka ngome za Kusini, Fort Henry na Fort Donelson, Februari 1862.

Sensa ya 1920: watu 15,203. Sensa ya 2020: watu 1,733.

Dai langu: Cairo iliuawa na daraja. Kabla ya 1889 treni ilifika mjini ikakomea majini. Mabehewa yalipandishwa kwenye kivuko cha mvuke, yakavushwa hadi Kentucky, yakashushwa. Kila behewa liliacha hela: wapakuzi, makarani, hoteli, mama wa chakula. Tarehe 29 Oktoba 1889 injini tisa za tani 75 kila moja zilifungwa pamoja zikavuka daraja jipya la Ohio. Tangu siku hiyo hapakuwa na sababu ya kusimama. Yaliyofuata yote ni matanga tu.

Mwenye nondo tofauti aje.

#2 Mdadisi wa Pwani
Naweka kiti. Ila kabla hamjaanza kurushiana takwimu: Kairo ya Misri imefikaje Illinois?

#3 BwanaHati
Mdadisi, mfanyabiashara aliyeitwa John Comegys ndiye aliyepata kibali cha kuanzisha mji huo mwaka 1818. Aliona ardhi tambarare, mito mikubwa, mafuriko ya kila mwaka, akasema hii ni Misri. Akafariki mapema, mpango ukalala. Mwaka 1837 Darius Holbrook akaufufua kwa kampuni yake, akauza hati za mkopo London, na 1840 mambo yakaanguka. Charles Dickens alipita hapo kwa meli 1842 akauandika mji kwa maneno makali sana, tope na homa tupu.

Eneo lote la kusini mwa Illinois linaitwa Misri Ndogo. Kuna Thebes, kuna Karnak. Wengine wanasema jina la eneo lilitoka kwa mji, wengine wanasema lilitokana na baridi kali ya 1830 na 1831, watu wa kaskazini walipokosa mahindi wakashuka kusini kununua, kama ndugu zake Yusuf walivyoteremka Misri. Sijaona aliyemshinda mwenzake.

Kitu kimoja zaidi: wenyeji hawasemi Kairo. Wanasema "Kero".

#4 Tishari Tupu
Mji unaitwa Kero halafu mnauliza kwa nini watu walihama 😂

#5 Mama Nondo
KipimaMaji, dai lako tamu ila sensa inalikataa. Tuiweke mezani:

1880: 9,011
1890: 10,324
1900: 12,566
1910: 14,548
1920: 15,203
1930: 13,532
1940: 14,407
1950: 12,123
1960: 9,348
1970: 6,277
1980: 5,931
1990: 4,846
2000: 3,632
2010: 2,831
2020: 1,733

Daraja limekamilika 1889. Miaka 30 baadaye mji umeongezeka karibu nusu. Marehemu gani huyu anayenenepa kaburini?

#6 KipimaMaji
Mama Nondo nakubali, mji haukufa siku ile. Ila ulikuwa unakula akiba. Biashara ya kuvusha ilikuwa na sehemu mbili na zote ziliondoka. Ya kwanza ni upana wa reli. Kaskazini ya Ohio reli zilikuwa za futi 4 na inchi 8 na nusu. Kusini zilikuwa futi 5. Behewa likivushwa lazima lipandishwe juu, magurudumu ya chini yatolewe, yawekwe mengine. Kazi ya mikono mingi. Tarehe 29 Julai 1881 Illinois Central ilisogeza reli ya upande wa kusini, zaidi ya maili 500, kwa siku moja tu. Misumari ya ndani ilikuwa imeshapigwa kabla, siku ya siku wakasukuma chuma kimoja ndani inchi 3 na nusu wakagongomea. Kazi ya kubadilisha magurudumu ikafa. Miaka minane baadaye kivuko nacho kikafa.

Ukuaji wa 1890 hadi 1920 ni wa mbao. Misitu ya miti migumu ya mabondeni ilikuwa inakatwa, Cairo ikapasua na kupakia. Miti ilipokwisha, akiba ikaisha.

#7 Fundi Seremala
Kwa mbao uko sahihi. Hata Singer, hawa hawa wa cherehani, walikuwa na kiwanda cha mbao Cairo kwa ajili ya kabati za mashine zao. Ukiona kabati la kale la Singer lenye ngozi nyembamba ya mti juu ya mbao za bei nafuu, hiyo ndiyo kazi ya viwanda vya namna ile.

#8 Mwana wa Mtaa wa Nane
Naona mnazunguka mbuyu. Reli, mbao, magurudumu. Semeni ukweli: Cairo iliuawa na ubaguzi wa rangi.

Watu Weusi walifika kwa maelfu kuanzia 1862, waliokombolewa vitani, wakakaa kambini hapo. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa zaidi ya theluthi ya mji. Tarehe 11 Novemba 1909 mwanamume Mweusi aitwaye William James, aliyetuhumiwa kumuua msichana wa Kizungu, alinyang'anywa mikononi mwa sherifu akauawa hadharani chini ya tao la taa, makutano ya mtaa wa Nane na barabara ya Commercial, mbele ya umati wa maelfu. Usiku huohuo umati ukarudi jela ukamtoa Mzungu, mpiga picha Henry Salzner, aliyetuhumiwa kumuua mkewe, ukamnyonga naye. Gavana Deneen akamwondoa sherifu kwa sheria ya 1905, inayomvua kazi sherifu aliyeacha mfungwa wake auawe na umati. Ida B. Wells, mwandishi wa habari Mweusi aliyepigana na mauaji ya umati, akaenda Cairo mwenyewe, akakusanya ushahidi, akasimama mbele ya gavana kupinga sherifu asirudishwe. Hakurudishwa.

Halafu 1962 vijana walianza kudai kuingia kwenye bwawa la kuogelea, mwanaharakati wa haki za kiraia John Lewis akiwa miongoni mwao. Wenye bwawa wakaona bora lifungwe kuliko kuogelea pamoja. Baadaye likajazwa zege. Julai 1967 askari Mweusi wa miaka 19, Robert Hunt, akakutwa amekufa kwa kitanzi ndani ya selo ya polisi. Polisi wakasema kajinyonga, watu wakakataa. Moto, risasi, wanajeshi wa akiba wa jimbo wakaletwa. Wazungu wakaunda kikundi chao cha silaha, Kofia Nyeupe. Mwaka 1969 United Front, umoja wa Weusi wa kudai haki, ikaundwa, ikiongozwa na Mchungaji Charles Koen, na Weusi wakasusia maduka ya Wazungu ya katikati ya mji kwa sababu yalikataa kuwaajiri. Maduka yakafunga moja baada ya jingine badala ya kuajiri hata karani mmoja.

Mji unaochagua kufa njaa kuliko kugawana meza, mnautafutia kosa kwenye daraja?

#9 Mpita Njia 77
Nondo ya #8 nzito. Napita.

#10 Mama Nondo
Mwana wa Mtaa wa Nane, hakuna anayebisha matukio. Ila tukisema "iliuawa na" lazima wakati ukubaliane. Kati ya 1950 na 1960 mji umepoteza 2,775, karibu robo, kabla ya Hunt na kabla ya kususia. Kati ya 1960 na 1970 umepoteza 3,071, theluthi nzima. Lakini 1970 hadi 1980, miaka ambayo ususiaji ulikuwa umepamba moto mpaka kama 1973, umepoteza 346 tu. Ndiyo muongo mwepesi kuliko yote tangu 1940. Kama maduka kufungwa ndiyo kisu, damu ingetoka hapo.

#11 Mwana wa Mtaa wa Nane
Unahesabu vichwa, mimi nahesabu mitaji. Mtu anaweza kubaki kwa sababu nyumba yake haina mnunuzi. Mwenye duka akiondoka 1970, mwanawe hazaliwi hapo, na hiyo utaiona kwenye sensa ya 1990, siyo ya 1980. Angalia: 1990 pungufu 1,085, 2000 pungufu 1,214. Tume ya haki za kiraia ya serikali kuu ilikaa Cairo Machi 1972 kusikiliza watu. Tume haikai mji ambao tatizo lake ni mbao.

Na hiyo 1950 hadi 1960 unayoisema haikuwa na ubaguzi? Ajira za Wazungu pekee, makazi ya umma yaliyotenganishwa, Weusi Pyramid Courts, Wazungu Elmwood. Kijana Mweusi aliyemaliza shule alipanda treni ileile ya Illinois Central kwenda Chicago, tiketi ya njia moja.

#12 Tishari Tupu
Kwa hiyo treni ya KipimaMaji imeingia kesi mara mbili. Mara inaua kwa kutosimama, mara inaua kwa kusimama na kubeba vijana.

#13 Lami Nyeusi
Wote mmesahau barabara. Daraja la magari la Mississippi lilifunguliwa 1929, la Ohio likafuata miaka ya 1930. Hapo Cairo ikawa njia panda ya magari ya majimbo matatu: moteli, vituo vya mafuta, mikahawa. Ndiyo maana sensa ya 1940 imepanda badala ya kushuka. Kisha barabara kuu ya I-57 ikajengewa daraja lake kaskazini ya mji, lilipofunguliwa 1978 msafiri wa Chicago kwenda Memphis akawa haoni hata paa la Cairo. Kesi imefungwa.

#14 Mama Nondo
Lami Nyeusi, 1978 mji umeshashuka chini ya nusu ya kilele chake. Unamshtaki aliyekanyaga maiti.

#15 KipimaMaji
😂😂 Mama Nondo leo kashika rungu kwa kila mtu.

#16 Tuta Refu
Niingie kwa upande wa maji, maana hapa ndipo pana kitu kinachohusu kila mji wa mto.

Cairo imezungukwa na tuta na ukuta wa zege pande zote, kama sahani ndani ya beseni. Kaskazini, barabara kuu inapoingia mjini chini ya reli, kuna mlango wa chuma unaoshushwa wakati wa mafuriko: upana futi 60, kimo futi 24, unene futi 5, uzito tani 80 hivi. Ukishuka, mji unakuwa kisiwa chenye ukuta.

Watu hudhani hatari ni maji kupanda juu ya ukuta. Mara nyingi hatari inapita chini. Juu pana udongo wa mfinyanzi, chini yake mchanga wa mto, na mchanga huo unaunganika na kitanda cha mto. Mto ukipanda, maji yanasukumwa chini ya tuta yanatokea ndani ya mji: uwanjani, barabarani, kwenye vyumba vya chini ya nyumba. Ndiyo maana nyumba nyingi za kale zimepandishwa juu ya misingi mirefu.

Yakitokea maji meupe, acha. Weka kijiti chenye kitambaa, rudi kila saa uangalie. Yakitokea na mchanga, unajengeka kama kichuguu kidogo na maji yanachemka katikati, hapo tuta linaliwa tumboni. Hatua zake:

Safisha nyasi pembeni ili viroba vishikamane na udongo. Jaza viroba nusu hadi theluthi mbili, usijaze pomoni, kiroba kilichojaa hakilali. Zungushia tundu kwa duara pana, safu zipishane kama matofali, chini pawe papana kuliko juu. Usiguse koo la tundu. Acha mdomo upande mmoja maji yatoke. Pandisha duara mpaka maji yatoke meupe, kisha SIMAMA. Hapo maji bado yanatoka lakini hayabebi tena mchanga.

Kosa ambalo kila mgeni hufanya ni kulitupia tundu mawe na viroba ili lizibe. Ukiliziba, shinikizo linatafuta njia nyingine mita chache pembeni, na safari hii huenda ni chini ya tuta lenyewe.

Sasa niambie, nani ataleta kiwanda kipya mahali ambapo kila machipuko bima yake inategemea viroba?

#17 Mdadisi wa Pwani
Tuta Refu asante, hii naihifadhi. Swali: 2011 nilisoma maji yalifika futi 61 na zaidi. Ukuta ni futi ngapi? Na mji ungezama futi 61?

#18 Tuta Refu
Hapana, hapo wengi huteleza. Namba ya kipimo siyo kina. Sifuri ya kipimo cha Cairo ipo kama futi 270 juu ya usawa wa bahari. Mitaa ipo karibu futi 315. Kipimo kikisoma 61.72, kama tarehe 2 Mei 2011, uso wa maji upo kama futi 332, yaani futi 17 hivi juu ya mtaa. Ukuta umejengwa kuhimili kipimo cha 64. Kabla ya hapo rekodi ilikuwa 59.5, Februari 1937.

#19 BwanaHati
Na 2011 hawakungoja 64. Sheria ya kudhibiti mafuriko ya 1928, iliyotungwa baada ya balaa la 1927, ilitenga bonde upande wa Missouri, kutoka Birds Point mkabala na Cairo hadi New Madrid, ekari kama 130,000. Mto ukizidi, tuta la juu linalipuliwa na maji yanaingia mashambani, mpaka futi za ujazo 550,000 kwa sekunde. Mara ya kwanza ilikuwa Januari 1937. Mara ya pili ni usiku wa 2 Mei 2011. Mabomba yalikuwa yamezikwa ndani ya tuta tangu zamani, baruti ya majimaji ikaletwa kwa tishari (chombo tambarare cha mizigo kisicho na injini) ikapampiwa humo. Radi zikachelewesha kazi, maana huwezi kupampu baruti huku anga linapiga. Kama saa nne usiku Meja Jenerali Michael Walsh akatoa amri, maili mbili hivi za tuta zikaruka. Matundu mawili ya kutolea maji chini yakafuata siku zilizofuata.

Missouri ilikwenda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani kuzuia, ikagonga mwamba. Spika wa bunge la Missouri aliulizwa angependa nini kizame, mashamba au Cairo, akajibu Cairo. Baadaye akaomba radhi.

#20 Mwana wa Mtaa wa Nane
Na msisahau Pinhook. Kijiji cha wakulima Weusi ndani ya lile bonde. Walinunua huko kwa sababu ardhi nyingine hawakuuziwa. Maji yakakimaliza. Kwa hiyo ule mjadala wa "mashamba ya Wazungu dhidi ya mji wa Weusi" haukuwa mwepesi kama magazeti yalivyouweka.

#21 Tuta Refu
Sawa kabisa. Na niongeze: tuta halikulipuliwa "kuiokoa Cairo" peke yake. Mfumo mzima wa matuta kutoka hapo kushuka chini ulikuwa umefika kikomo cha maji uliyojengewa kuhimili. Cairo ni mahali kipimo kilipo, ndiyo maana jina lake ndilo linalosikika.

#22 Gati Kavu
Tuta Refu, nondo zako za viroba ni safi ila hitimisho lako nalipinga. Paducah, Kentucky, maili kama 50 tu juu ya Ohio, 1937 ilizama vibaya sana, watu kama 27,000 wakahamishwa. Cairo mwaka huohuo haikuzama. Leo Paducah ipo hai, Cairo ni magofu. Maji hayaelezi.

Paducah ilipata nini? Kiwanda cha kurutubisha urani 1952, na kampuni za boti za kusukuma matishari ziliweka ofisi huko. Cape Girardeau, upande wa Missouri, wana chuo kikuu. Cairo haikupata chochote cha namna hiyo. Mji wa mto unahitaji mshahara mmoja usiotegemea mto.

#23 KipimaMaji
Na kwa nini vilikwenda kwingine? Kwa sababu Cairo haina pa kupanuka. Ulimi ule ni mwembamba, nje ya tuta ni bwawa. Hilo nimelisema tangu mwanzo.

#24 Mama Nondo
Hukulisema tangu mwanzo. Ulisema daraja. Tunazo kumbukumbu humu, mkuu.

#25 Gati Kavu
😂 Tuendelee. Kitu kinachonikera ni watu kusema "biashara ya mto ilikufa". Haikufa. Imekua. Kilichokufa ni kusimama.

Tishari la kawaida ni futi 195 kwa 35, linabeba tani 1,500 hivi. Kwenye sehemu kubwa ya mto Ohio kuna malango ya maji (vyumba vya kupandishia na kushushia vyombo penye bwawa) ya futi 1,200 kwa 110, kwa hiyo msafara ni matishari 15: matatu kwa upana, matano kwa urefu, futi 105 kwa 975, boti nyuma, unaingia lango kwa mara moja. Chini ya Cairo hakuna lango lolote mpaka baharini, kwa hiyo boti kubwa inasukuma 30, hata 40. Maana yake misafara lazima ivunjwe na kufungwa upya mahali fulani, na mahali penyewe ni hapo kwenye makutano. Nyaya za chuma, vikazio, mabaharia usiku na mchana. Ukisimama kwenye ncha, kule Fort Defiance, unaona matishari yamefungwa kingoni mstari mrefu.

Lakini hela haishuki nchi kavu. Meli ya mvuke ilihitaji kuni na makaa, abiria walishuka, walikula, walilala. Boti ya dizeli inaletewa mafuta na vyakula katikati ya mto, haizimi injini. Mabaharia wanakaa kama siku 28 ndani, wakibadilishana wanachukuliwa na gari dogo moja kwa moja uwanja wa ndege.

#26 Lami Nyeusi
Hii ndiyo hoja ya KipimaMaji ya #1 imevaa kanzu mpya.

#27 Gati Kavu
Siyo sawa. Yeye anasema 1889. Mimi nasema dizeli, baada ya vita ya pili ya dunia, na inakubaliana na sensa ya Mama Nondo: 14,407 mwaka 1940, kisha mteremko bila breki.

#28 Mama Nondo
Hapo nimekubali nusu. Nusu nyingine: kwa nini 1970 hadi 1980 mteremko ukapumzika? Dizeli haikupumzika.

#29 Mdadisi wa Pwani
Wanaoishi huko leo wanaishije? Mmeongea marehemu tu.

#30 Mwana wa Mtaa wa Nane
Dada, hospitali ilifungwa 1986. Nyumba za umma, Elmwood na McBride, zilioza mpaka serikali kuu ikachukua mamlaka ya nyumba ya kaunti 2016, na mwaka uliofuata familia karibu 200 zikaambiwa zihame. Angalia sensa ya 2020, pungufu 1,098 kwa miaka kumi. Sehemu ya hao ni familia hizo, siyo dizeli wala lami. Duka la vyakula lilifungwa 2015, miaka minane mtu avuke mto kununua nyama, mpaka 2023 likafunguliwa la ushirika.

Kuna vitu vimesimama: maktaba ya Safford ya 1884, jumba la forodha lililokamilika 1872, Magnolia Manor ya Galigher aliyetajirika kwa unga, ambako Grant alikaribishwa 1880. Timu ya shule bado inaitwa Marubani, kwa heshima ya marubani wa mto.

#31 BwanaHati
Kando kidogo: kuna Cairo nyingine iliyokufa ikafufuliwa. Manowari ya chuma yenye jina la mji huo, ilijengwa Mound City hapo jirani, ikazamishwa na bomu la majini kwenye mto Yazoo 12 Desemba 1862. Dakika 12 chini, hakuna aliyekufa. Iliibuliwa 1964, ipo Vicksburg. Tope lilihifadhi mpaka vyombo vya jikoni.

#32 Tishari Tupu
Yaani chuma kilichokaa miaka 102 chini ya tope kina hali nzuri kuliko barabara ya Commercial.

#33 Gati Kavu
Mpango wa sasa ni bandari. Jimbo lilitangaza dola milioni 40 mwaka 2020. Hoja ni ileile ya 1818: makutano ya mito, na kutoka hapo mpaka ghuba hakuna lango la kukuchelewesha. Lango la mwisho la Ohio ni Olmsted, maili 17 juu ya Cairo, lililofunguliwa 2016 kuchukua nafasi ya mawili ya kale, namba 52 na 53.

#34 KipimaMaji
Bandari itajengwa nje ya tuta au ndani? Ikiwa nje, kipimo hapo hupanda na kushuka zaidi ya futi 40 kwa mwaka mmoja. Gati lisiloelea litakuwa chini ya maji Aprili na juu ya kichwa cha tishari Septemba.

#35 Tuta Refu
Gati la kuelea kwenye nguzo, bomba na mkanda wa kubebea nafaka juu ya tuta. Siyo kitu kigeni, miji mingi ya chini inafanya. Kigumu ni barabara ya kufikia: mlango wa tani 80 ukishuka, malori yanapita wapi?

#36 Mama Nondo
Gati Kavu, sahihisho: Olmsted ilifunguliwa 2018, siyo 2016. Iliidhinishwa 1988 kwa dola milioni 775, ikaishia kama bilioni 3. Na bado unadaiwa jibu la #28.